Raba ya Laki Sita na Mguu wa Mtoto wa Karatu

Imeenea katika Karatu, kuanzia mitaa ya mjini iliyo kando ya barabara ya lami iendayo lango la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, hata vijiji vya Rhotia, Mbulumbulu na Endabash, imani ya kuwa kijana mwenye kipaji cha mbio hawezi kufika mbali ila avae raba ya bei kubwa, yenye alama ya kampuni mashuhuri ubavuni. Na kwa upande wa pili, miongoni mwa watu wazima waliojaliwa kuziona zama za mashujaa wetu wa kwanza, imeenea imani iliyo kinyume cha hiyo, kwamba kiatu si kitu, kwamba dhiki ndiyo mwalimu wa mbio, na kwamba mtoto akizoezwa raba hudekea na miguu yake ikawa laini. Nimezisikia kauli zote mbili zikitamkwa kwa yakini, mara nyingine katika baraza moja, na madhumuni ya makala hii ni kuonyesha kuwa zote mbili zinawadhuru vijana wetu: ya kwanza kwa kuwafilisi wazazi, na ya pili kwa kuwaacha watoto miguu mitupu na kuliita jambo hilo fadhila.

Nianze na mashujaa, kwa sababu hao ndio wanaotajwa kila mara mazungumzo ya kiatu yanapoanza. Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953, na tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Christchurch, New Zealand, aliikimbia mita 1500 akiwa mbele ya wenziwe wote, akaivunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2, katika mashindano makali kiasi cha kwamba hata John Walker, mwenyeji aliyekuwa wa pili, naye alimaliza chini ya rekodi ya zamani. Mwaka uliofuata, mjini Kingston, Jamaica, Bayi akaichukua na rekodi ya maili moja. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, wilaya ambayo Karatu ilikuwa sehemu yake kabla ya kupewa wilaya yake yenyewe, alianguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico tarehe 20 Oktoba 1968, akafungwa bandeji, akaendelea kwa kuchechemea hata akaingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, kwisha kumaliza.

Kutokana na habari za watu hawa wawili wengi hutoa hukumu ya haraka, kwamba ikiwa Bayi na Akhwari walifika walikofika pasipo raba za laki sita, basi raba ni anasa. Hukumu hiyo haina insafu. Inawahesabu waliofika, wala haiwahesabu walioachwa njiani. Na nyuma ya kila mmoja aliyevishwa medali, ni wangapi waliokatwa na vigae vya chupa, waliochomwa na miiba ya migunga, walioota malengelenge juu ya malengelenge hata wakaona heri warudi kuchunga, ambao majina yao hayakuandikwa katika daftari lolote? Bayi alikuwa na kipaji, alikulia katika nchi iliyo takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, alijizoeza miaka kadhaa wa kadhaa, na alikuwa na ujasiri wa kushika uongozi tangu bastola inapolia na kuwaachia wengine kazi ya kumfukuza. Hayo ndiyo yaliyompa rekodi. Dhiki aliibeba pamoja nayo, na sioni sababu ya kumtwika mtoto wa leo mzigo ule ule kwa kuwa tu mtu mmoja mwenye nguvu aliwahi kuubeba.

Kisa kinachonukuliwa zaidi katika kuusifu mguu mtupu ni kile cha Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Roma mwaka 1960 akiwa peku, na wanaokinukuu aghalabu hukikata katikati. Bikila hakwenda peku kwa kudharau viatu. Viatu alivyopata kule havikumkaa vizuri mguuni, naye akaona ni afadhali nyayo alizozizoea kuliko kiatu kitakachomchuna kabla ya nusu ya safari. Miaka minne baadaye, Tokyo, alivaa viatu, akashinda tena, akatumia saa 2, dakika 12 na sekunde 11, muda uliopungua kwa dakika 3 na zaidi kuliko ule wa Roma. Njia za miji hiyo miwili si moja, wala sidai kuwa kiatu pekee ndicho kilichompa dakika hizo. Lakini mtu yule yule ametuachia ushahidi wa mambo mawili, kwamba kiatu kisichomkaa mtu ni kibaya kuliko kukosa kiatu, na kwamba kiatu kinachomkaa ni bora kuliko vyote viwili.

Wako wengine wanaopanda juu zaidi katika nasaba ya binadamu, wakataja Laetoli, ndani ya eneo hili hili la Ngorongoro, ambako mwaka 1978 kikosi cha Mary Leakey kilifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya jivu la volkano miaka milioni 3.66 iliyopita, wakauliza ni raba gani iliyovaliwa siku ile. Swali hili hupendeza masikioni, lakini jibu lake ni jepesi. Wale walitembea juu ya jivu lililolowa mvua, wala hawakukimbia kilometa 30 juu ya lami inayowaka jua la saa nane, wala hawakukanyaga misumari iliyomwagika karibu na karakana. Mtoto wa leo aendaye peku shuleni huingiwa na minyoo ya safura kupitia ngozi ya unyayo, huota funza vidoleni, na akichomwa na chuma chenye kutu hukabiliwa na hatari ya pepopunda. Mwenye kuona fahari katika hayo na asimame mwenyewe peku juu ya changarawe ya Endabash kwa muda wa saa moja kabla ya kuwapangia watoto wa wenziwe.

Baada ya kuyaondoa hayo njiani, tutazame sasa ni viatu gani vinavyopatikana katika masoko yetu, na kila kimoja kinatoa nini kwa thamani yake.

Cha rahisi kuliko vyote, na chenye kustahili heshima kuliko kinavyopewa, ni katambuga. Fundi huchukua kipande cha tairi la gari lililochakaa, hukipima kwa kuukanyagisha mguu wa mteja mwenyewe juu yake, hukikata kwa kisu kilichonolewa mpaka kikang'aa, kisha hupitisha mikanda ya mpira na kuifunga kwa misumari midogo ambayo vichwa vyake huzama ndani ya soli visiweze kuuchoma unyayo. Mfugaji wa Kimasai atokaye Nainokanoka kwenda Empakaai na ng'ombe wake, mwendo wa siku nzima juu ya mawe na miiba, hahitaji kitu kingine. Mwiba wa mgunga hauwezi kuupenya mpira ule, mvua haiuozeshi, na kiatu kimoja humtumikia mwenyewe miaka. Nimewaona wageni kutoka Ulaya wakiteremka kingo za kreta ya Empakaai kwa mabuti ya ngozi ya bei isiyosemeka, huku kiongozi wao akiwa mbele yao na katambuga, na katika kutembea sikuona alichopungukiwa. Walakini kukimbia ni jambo jingine. Soli ya tairi haikunjiki pale vidole vinaposukuma ardhi, kisigino hakishikwi nyuma, na uzito wake, ambao mtembeaji hausikii, humchosha mkimbiaji kila anapoinua mguu. Kwa kazi yake katambuga haina mshindani. Kwa mbio haikuumbwa.

Kinachofuata ni raba mpya za rahisi zilizotundikwa kwa kamba madukani, zenye rangi za kuvutia na soli ngumu ya plastiki. Hizi sizisifu. Humpa mtoto sura ya mkimbiaji pasipo kumpa msaada wa mkimbiaji, na gundi yake huachia katika masika ya kwanza.

Kisha ipo mitumba, na hapa ndipo penye utajiri ambao wengi wetu tunaupita bila kuutambua. Siku ya mnada, juu ya maturubai yaliyotandikwa chini, hulala raba za mbio zilizotoka Ulaya na Marekani, nyingine zimevaliwa mara chache tu kabla ya mwenyewe kuzichoka, nyingine zimekimbiliwa mpaka zikafa, na zote mbili huoshwa kwa sabuni ile ile, huwekwa kamba nyeupe zile zile, na hutajwa kwa bei inayokaribiana. Mnunuzi asiye na maarifa huzitazama rangi. Mwenye maarifa huigeuza raba kwanza na kuitazama soli: ikiwa mikunjo ya mpira wa chini imesawazika pale penye kidole gumba, hiyo imekwisha safari yake. Kisha huiweka juu ya kitu kilichonyooka, akaitazama kwa nyuma kama kisigino kimesimama wima au kimelalia upande, kwa maana raba iliyolalia upande wa mwenyewe wa kwanza itamvuta mwenyewe wa pili upande ule ule, na goti ndilo litakalolipa. Kisha hubonyeza kwa kidole gumba sifongo iliyo kati ya soli na mguu: ikirudi upesi ni hai, ikibaki na mikunjo midogo midogo kama ngozi ya mzee imekwisha kufa, hata juu ing'ae namna gani. Mwisho hupeleka mkono ndani kutafuta tundu katika kitambaa cha kisigino, ambalo ndilo mama wa malengelenge. Kijana niliyemtazama akifanya hivyo pale Karatu alizikataa raba nyingi nzuri kwa macho, akachukua moja ya kijivu iliyopauka, akaivaa miguu yote miwili, akakimbia nayo hatua chache kandokando ya turubai, ndipo akauliza bei. Na muuzaji, aliyemwona kuwa anajua atakalo, hakujaribu kumlaghai. Raba ya namna hiyo aghalabu hupatikana kwa shilingi elfu thelathini au arobaini.

Sasa tuipandie ile ya bei kubwa. Mwaka 2017 kampuni ya Nike iliuza raba iitwayo Vaporfly kwa dola 250 za Marekani, ambazo kwa fedha yetu zinapita shilingi laki sita. Ndani yake mna mambo mawili: sifongo ya aina mpya, nyepesi mno na yenye kurudisha sehemu kubwa ya nguvu inayoipokea mguu unapotua, na bamba la kaboni lililopinda, linalokaa katikati ya sifongo hiyo kutoka kisigino mpaka vidoleni na kuifanya soli isikunjike ovyo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Colorado, mjini Boulder, waliwapima wakimbiaji 18, wakaona kuwa kwa wastani raba hiyo ilimpunguzia mkimbiaji asilimia 4 ya nguvu anayotumia kwa mwendo ule ule. Faida hiyo ni ya kweli, na mtu aikanushaye hajui mbio za leo zinavyokwenda. Kampuni nyingine zikaifuata njia hiyo, na Shirikisho la Riadha la Dunia likalazimika mwaka 2020 kuweka sheria kwamba soli ya kiatu cha mbio za barabarani isizidi unene wa milimeta 40, wala ndani yake yasiwemo mabamba zaidi ya moja. Septemba 2023, katika marathoni ya Berlin, Tigist Assefa wa Ethiopia aliivunja rekodi ya dunia ya wanawake kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 53, akiwa amevaa raba ya Adidas yenye uzito wa gramu 138 tu, iliyouzwa kwa dola 500, fedha ambayo mnadani kwetu humtoa mtu na ng'ombe mkononi. Katika mbio hizo hizo Mtanzania Magdalena Shauri alikuwa wa tatu, kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41.

Natamka bayana, ili nisifahamike vibaya, kuwa mwanariadha anayeiwakilisha Tanzania katika mashindano ya namna hiyo anastahili kupewa kiatu kilicho bora kuliko vyote vilivyoruhusiwa, wala shilingi isihesabiwe. Tarehe 15 Septemba 2025, Tokyo, Alphonce Simbu aliipatia nchi hii medali yake ya kwanza ya dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya riadha, baada ya kukimbia kilometa 42 na ushei na kuandikiwa muda mmoja na Amanal Petros wa Ujerumani, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, hata ikabidi picha ya utepe iamue. Waliachana kwa sehemu 3 za sekunde iliyogawanywa mia. Pale ambapo ushindi unakaa ndani ya nafasi nyembamba hivyo, mwenye kumnyima mkimbiaji raba ya laki sita amemnyima haki yake.

Lakini mtoto wa darasa la sita wa Rhotia hayuko Tokyo, na hapa ndipo ninapotofautiana na wazazi wanaouza mahindi ya akiba ili wamnunulie raba ya bamba la kaboni. Wale watu 18 waliopimwa Colorado walikuwa wanaume wenye kasi kubwa, waliokomaa viungo. Mtoto ambaye mifupa yake haijafunga na mwendo wake ni wa taratibu hana dalili ya kupata faida ile, na anaweza kupata madhara. Soli nene na laini, iliyotengenezwa kwa ajili ya lami iliyosawazishwa, huyumba juu ya njia zetu zenye mawe na makorongo, na kifundo cha mguu huteguka kwa urahisi zaidi kadiri mguu unavyoinuliwa kutoka ardhini. Katika masika udongo mwekundu wa Karatu huwa kama sabuni, na soli ile isiyo na meno haishiki. Zaidi ya hayo, raba hizi nyepesi hazidumu. Raba ya kawaida ya mazoezi huchoka baada ya kilometa 500 mpaka 800. Ile ya dola 500 niliyoitaja, watengenezaji wenyewe walieleza kuwa ni ya marathoni moja pamoja na kuizoea kidogo kabla yake. Kijana anayejizoeza kwa bidii, akikimbia kilometa mia kwa juma, ataimaliza raba ya kawaida katika miezi miwili, na mzazi atakayejaribu kumvika raba ya laki sita kila baada ya muda huo atahitaji zaidi ya shilingi milioni tatu na nusu kwa mwaka, jambo ambalo si la mkulima wa vitunguu wa Mang'ola wala la mwalimu wa shule ya msingi.

Hata baina ya raba za kawaida, zisizo na kaboni, bei si kipimo cha uzuri kama tunavyodhani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, huko Uskoti, walichukua raba za kampuni tatu, kila kampuni aina tatu za bei mbalimbali kuanzia pauni 40 hata pauni 75, wakawavisha wanaume 43 na kupima shinikizo chini ya nyayo zao. Na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2008 walisema kuwa za bei ndogo ziliupokea mguu sawasawa na za bei kubwa, na kwamba starehe aliyoisikia mvaaji haikufuatana na bei. Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, Canada, aliyetumia umri wake kuchunguza miguu ya wakimbiaji, ameshauri jambo ambalo bibi zetu wangelikubali bila ya maabara: mtu achague kiatu ambacho mguu wake unakiridhia. Ushauri huo hauuzi matangazo, na pengine ndiyo maana hatuusikii sana.

Hali hii haihusu mbio pekee. Katika miji mikubwa umeingia mchezo wa padeli, uliozaliwa Acapulco, Mexico, mwaka 1969, unaochezwa ndani ya uwanja uliozungushiwa kuta za kioo, kwa raketi fupi isiyo na nyuzi. Na humo pia mwanafunzi huanza kwa kuitamani raketi ya bei kubwa ya mchezaji mashuhuri, yenye uso wa kaboni na umbo la almasi, asijue kuwa raketi hiyo ni ngumu, uzito wake umeelekezwa kichwani, na mahali panapoupiga mpira vizuri pamekuwa padogo mno, kwa kuwa imetengenezwa kwa ajili ya mkono usiokosea. Raketi ya mviringo, ya nyuzinyuzi za kioo, iliyo laini na ya bei ya chini, humsamehe mwanafunzi makosa yake na kumlindia kiwiko. Kifaa cha bei kubwa, katika mchezo huu na ule, aghalabu hakikutengenezwa kiwe bora kwa kila mtu. Kimetengenezwa kwa mtu mmoja maalumu, na asiye mtu huyo hulipia ugumu asiouhitaji.

Kuna jambo baya kuliko yote niliyoyataja, nalo ni raba bandia. Tamaa ya jina ikikutana na mfuko mtupu, huzaliwa soko la kughushi, na leo raba zenye alama za kampuni kubwa, zilizoshonwa pasipojulikana, huuzwa kwa shilingi elfu themanini au laki moja kwa mzazi anayeamini kuwa amepata bahati. Bamba likiwamo huwa la plastiki, sifongo yake huwa ngumu kama ubao au laini kama godoro, na mtoto hupewa madhara ya raba ya mashindano pasipo hata chembe ya faida yake. Mzazi huyo kwa fedha ile ile angalipata mtumba mzuri wa kijana wake na mwingine wa dada yake. Nami nasema dada yake kwa makusudi, kwa kuwa katika nyumba nyingi raba ikipatikana moja hupewa mvulana, na msichana huambiwa akimbie na kandambili. Ilhali raba za kike, zenye kisigino chembamba, zipo sokoni kwa yule atakayejipa taabu ya kuzitafuta.

Kwa hiyo nawasihi wanaoshika fedha ya michezo, wakuu wa shule, maofisa wa halmashauri, wenye vilabu na wafadhili wanaokuja kwetu wakati wa mashindano: mnapokuwa na laki sita, msinunue raba moja ya kumpigia picha bingwa wa wilaya. Mtumeni mtu anayejua kubonyeza sifongo kwa kidole gumba aende sokoni na orodha ya vipimo vya miguu ya watoto, vipimo vilivyochukuliwa jioni, mguu ukiwa umekwisha kuvimba kidogo kwa kazi za mchana, naye atarudi na jozi kumi na tano za raba zinazofaa. Zitunzwe shuleni katika kabati moja, ziazimwe kwa daftari, na mtoto anapokua mguu airudishe aliyo nayo na kuchukua nyingine. Na fundi viatu wa mtaa, ambaye kwa gundi na uzi aliouvuta kwa nta anaweza kukiongezea kiatu miezi, alipwe kila muhula kama anavyolipwa fundi wa madawati.

Lakini mitumba, hata ikichaguliwa kwa maarifa yote, ni mabaki ya miguu ya watu wengine, na haifai taifa lenye wakimbiaji kama hawa kutegemea mabaki milele. Tuliwahi kuwa na kiwanda cha viatu Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilichotarajiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka na kuziuza nyingi Ulaya, nacho hakikupata kufanya kazi hata kwa sehemu ndogo ya uwezo wake kabla ya kufungwa. Kilitaka kuwavika Wazungu kabla ya kumvika mtu wa hapa. Jirani zetu wa Kenya wamejaribu njia nyingine: mwaka 2017 kampuni iitwayo Enda ilianza kuuza raba ya mbio iliyobuniwa huko huko, aina yake ya kwanza ikapewa jina la Iten, mji wa wakimbiaji. Sisi tuna ngozi, tuna mpira wa matairi ambao mafundi wa katambuga wamekwisha kuutiisha, tuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vya ufundi, na tuna wakimbiaji wa kukijaribu kila kiatu siku ile ile kinapotoka mezani. Raba ya Karatu haihitaji kaboni. Inahitaji soli ya chini, isiyozidi kidole kimoja na nusu kwa unene, yenye meno ya kushika udongo mwekundu uliolowa. Sifongo ya kawaida isiyokufa kabla ya muhula. Pua pana, kwa maana mtoto aliyekwenda peku miaka ya mwanzo vidole vyake vimetanuka na raba nyembamba ya kigeni humbana. Kitambaa kinachokauka kwa usiku mmoja katika baridi ya Oldeani. Na soli iliyoshonwa kwa uzi juu ya gundi, ili fundi wa mtaani aweze kuifumua na kuivika nyingine.